Picha ya atomu si kipimo cha kani

Kwa miaka mingi florispa iliyochimbwa Kimwarer, katika Bonde la Kerio, ilisombwa kwa malori na kusafirishwa nje kupitia bandari ya Mombasa, na Wakenya walioisikia waliijua kama malighafi ya viwanda vya chuma, alumini na asidi. Katika fizikia ya nyuso za fuwele, madini hayo, ambayo yakiwa safi huitwa floraiti, yana heshima ya namna nyingine: uso wake ni miongoni mwa nyuso za vihami umeme ambazo wanafizikia wameweza kusema, bila kubahatisha, kwamba doa hili kwenye picha ni kalisi na lile ni florini. Nimeamua kueleza jinsi kauli kama hiyo inavyofikiwa, kwa sababu wanafunzi wanaopita katika maabara ninayofanyia kazi hapa Nairobi huja wakitaka kuona picha za atomu, na wengi huondoka wakiamini kwamba picha ikishapatikana kazi imekwisha. Kwangu mimi picha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe ni kujua kani iliyoizalisha picha hiyo ilikuwa kiasi gani, na ilitoka wapi.

Kipande cha floraiti kinachofaa hakikatwi kwa msumeno. Huwekwa ukingo wa wembe mnene sambamba na uso wa asili wa fuwele, ukapigwa kipigo kimoja kidogo, na jiwe likapasuka lenyewe kwa mlio mkavu, likiacha uso unaong'aa wenye mistari myembamba ambayo huonekana pale tu unapouinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Jiwe hupasukia hapo kwa sababu limejengwa kwa matabaka yanayokwenda matatu matatu: florini juu, kalisi katikati, florini chini, kisha florini ya fungu linalofuata. Ioni za florini zinazotazamana kati ya fungu na fungu zote zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani sana, na wembe hupata njia kati yake. Uso unaobaki ni wa florini tupu, zilizopangwa kwa pembetatu, kila moja ikiwa umbali wa nanomita 0.386 kutoka kwa jirani yake. Kalisi ziko nanomita 0.079 chini yake, na florini za chini ziko umbali kama huo tena chini ya kalisi. (Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.) Msomaji aziweke akilini florini hizo za chini, kwa maana ndizo zitakazotoa ushahidi baadaye.

Hadubini ya kuchungulia kwa mkondo wa umeme, iliyoundwa mwaka 1981 na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer katika maabara ya IBM karibu na Zürich, haikuweza kufanya lolote juu ya jiwe kama hili, kwa sababu floraiti haipitishi umeme. Mwaka 1986 Binnig, pamoja na Calvin Quate na Christoph Gerber, alitangaza chombo kilichopima kani kati ya ncha kali na uso badala ya mkondo. Ncha yao ilikuwa chembe ya almasi iliyogundishwa kwenye ukanda mwembamba wa dhahabu, na kupinda kwa ukanda huo kulisomwa na hadubini ya aina ile ya kwanza iliyowekwa nyuma yake. Siku hizi kantileva, yaani kijiti chembamba kinachobeba ncha, hutengenezwa kwa silikoni au nitridi ya silikoni, na kupinda kwake husomwa kwa mwale wa leza unaoakisiwa kutoka mgongoni mwake hadi kwenye kihisi cha mwanga kilichogawanywa sehemu nne. Kantileva ikipinda kidogo, mwanga huhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na tofauti ya volti kati ya sehemu hizo ndiyo habari yote tunayoipata. Hakuna jicho linaloona kitu.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani kwamba kipimo ni hesabu ya kidato cha pili: kani ni ugumu wa kantileva ukizidishwa kwa umbali uliopinda. Kantileva yenye ugumu wa nyutoni 0.1 kwa mita, ikivutwa na kani ya nanonyutoni moja (sehemu moja ya bilioni ya nyutoni), hupinda nanomita 10, na hizo zinasomeka kwa urahisi. Tatizo ni kwamba kani kati ya atomu mbili hubadilika haraka mno. Ncha ikikaribia uso, hufika mahali ambapo kila pikomita (sehemu moja ya elfu ya nanomita) inayosogea huongeza mvuto kuliko kantileva inavyoweza kuongeza ukinzani wake. Hapo ncha huruka yenyewe na kugonga uso, na sehemu ya grafu tuliyokuwa tukiitafuta huwa imerukwa. Tena kantileva laini haitulii hata ikiachwa peke yake: kwenye halijoto ya kawaida ya chumba, ile yenye ugumu wa nyutoni 0.04 kwa mita hutetemeka kwa kiasi cha nanomita 0.3 kwa sababu ya joto tu, umbali unaokaribia ule ulio kati ya florini na florini.

Ndiyo maana picha za miaka ya mwanzo, zilizopigwa ncha ikiwa imegusa uso, zinapaswa kutazamwa kwa tahadhari. Nyingi zilionyesha safu safi za nukta zenye nafasi sahihi kabisa, na ni usafi huo ndio uliotia shaka. Uso halisi wa fuwele una mapengo, ngazi na uchafu. Ikiwa picha inaonyesha mpangilio wa atomu lakini haionyeshi hata pengo moja, maelezo yanayokubalika ni kwamba ncha ilikuwa imekalia atomu nyingi kwa pamoja, na kila ilipovutwa hatua moja ya mpangilio, zote zilikwama na kuachia kwa wakati mmoja. Mpangilio unaonekana, atomu haionekani. Mwaka 1993 Frank Ohnesorge na Binnig walionyesha kasoro za ukubwa wa atomu kwenye uso wa kalsaiti, madini ya kaboneti ya kalisi, ndani ya maji, na mwaka 1995 Franz Giessibl alipata picha ya atomu moja moja kwenye uso wa silikoni unaojulikana kwa mpangilio wake wa saba kwa saba, ndani ya ombwe. Hadi leo, nikiletewa picha ya safu nzuri isiyo na dosari, swali langu la kwanza ni dosari ziko wapi.

Njia iliyotuvusha ni kuacha kupima kupinda na kuanza kupima mtetemo. Kantileva hutetemeshwa kwa masafa yake ya asili, na kani ya uso huyabadilisha masafa hayo kidogo. Mbinu ya kufuatilia badiliko hilo moja kwa moja ilielezwa na Albrecht, Grütter, Horne na Rugar mwaka 1991. Faida yake ni kwamba kantileva inaweza kuwa ngumu sana, na iliyo ngumu hairuki. Giessibl alikwenda mbali zaidi akachukua uma mdogo wa kwatzi unaotumika katika saa za mkononi, ule unaotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, akabana mguu wake mmoja usisogee na kubandika ncha kwenye ule mwingine. Kihisi cha aina hiyo huwa na ugumu wa takriban nyutoni 1,800 kwa mita, na mtikisiko wake wa joto katika chumba cha kawaida ni pikomita 1.5 tu. Nakiri kwamba hupendezwa kila ninapofikiri kwamba kipande kinachouzwa kwa bei ya chini ndani ya saa za kawaida ndicho kilichoingia katika vyombo vya gharama kubwa kabisa vya fani hii.

Hesabu yake, mtetemo ukiwa mwembamba, ni hii: badiliko la masafa ni masafa ya asili yakigawanywa kwa ugumu mara mbili, kisha yakazidishwa kwa kasi ambayo kani inabadilika kwa umbali. Kihisi cha hezi 30,000 chenye ugumu huo wa 1,800, kikikutana na kani inayobadilika kwa nyutoni 10 kwa kila mita, husogea takriban hezi 83. Hapo msomaji makini ataona kwamba hatujapima kani, bali tumepima mteremko wake. Ili kuipata kani yenyewe ni lazima kuanza mbali na uso, mahali ambapo hakuna mvuto wowote, na kukusanya mteremko huo kipande kwa kipande hadi karibu kabisa. Mwaka 2004 John Sader na Suzanne Jarvis walitoa fomula inayofanya kazi hiyo kwa mtetemo wa upana wowote, na watu wengi waliitumia kwa kuiamini. Mwaka 2018 Sader mwenyewe, safari hii pamoja na Giessibl na wenzao, alionyesha kwamba kuna maumbo ya kani ambayo, upana wa mtetemo ukiangukia kiwango fulani, hesabu hutoa jibu lisilo sahihi hata data ikiwa safi kabisa, na wakatoa kipimo cha kutambua hatari hiyo. Naona uchunguzi huo ni wa maana kuliko picha nyingi za rangi zinazosambazwa, kwa kuwa ulihoji kile ambacho kila mtu alikuwa amekwisha kukikubali.

Hata baada ya kuipata kani, bado si ya atomu moja. Nyuma ya atomu ya mwisho ya ncha kuna mamilioni ya atomu nyingine, na zote zinavuta. Ncha yenye mviringo wa nanomita 10 huvutwa na uso wa silikoni ulio nusu nanomita mbele yake kwa takriban nanonyutoni moja, kwa mvuto ule dhaifu wa jumla unaobeba jina la van der Waals, na kani ya kikemia tunayoitafuta nayo ni ya nanonyutoni moja au mbili pale inapokuwa kubwa kabisa. Kuitenga ni sawa na kutaka uzito wa abiria mmoja kwa kuipandisha matatu nzima kwenye mizani ya Mlolongo, kwanza akiwa ndani, kisha akiwa ameshuka. Kinachosaidia ni kwamba kani ya kikemia hufifia ndani ya sehemu ya kumi ya nanomita, ilhali ile ya jumla hufika mbali. Mwaka 2001 Mark Lantz na wenzake huko Basel walitumia uso ule ule wa silikoni, chombo kikiwa kimepozwa hadi chini ya kelvini 10. Katika mpangilio wa saba kwa saba kuna mashimo kwenye pembe. Ncha ikiwa juu ya shimo haina atomu ya kushikana nayo, kwa hiyo grafu iliyochukuliwa hapo ni ya kani ya jumla peke yake. Waliitoa kutoka kwa grafu iliyochukuliwa juu ya atomu, na kilichobaki, takriban nanonyutoni 2, kilikuwa kani ya muungano wa kikemia kati ya atomu ya ncha na atomu ya uso.

Hapo ndipo swali gumu kuliko yote hujitokeza: ni atomu gani iliyo mwishoni mwa ncha? Mtengenezaji anakuuzia ncha ya silikoni, lakini ikishagusa uso mara moja inaweza kuwa imebeba oksijeni, chembe ya uso wenyewe au uchafu usiojulikana, na kila kimoja kitatoa namba tofauti. Sasa tuzirudie florini za chini. Adam Foster, Clemens Barth, Alexander Shluger na Michael Reichling walichapisha mwaka 2001 kazi iliyolinganisha picha za floraiti na hesabu za kinadharia. Mwisho wa ncha ukiwa na chaji hasi, unaovutwa zaidi ni upande wa kalisi, na kalisi hutokea kwenye picha kama madoa ya mviringo. Mwisho ukiwa na chaji chanya, zinazong'aa ni florini za juu, lakini florini za chini nazo huchangia kwa kiasi kidogo, na doa hunyooka upande mmoja likawa na umbo la pembetatu. Kwa maneno mengine, umbo la doa linaitaja chaji ya ncha, na chaji ya ncha ikishajulikana, uso unasomeka. Chumvi ya mezani haikupi msaada huo: sodiamu na klorini zimepangwa kwa ulinganifu mtupu, kiasi kwamba ukibadilisha chaji ya ncha picha inabaki ile ile, imesogea tu hatua moja.

Wengine walilikabili swali hilo kwa kulizunguka. Yoshiaki Sugimoto na wenzake wa Osaka na Madrid walipima, katika kazi iliyotoka mwaka 2007, silikoni, bati na risasi zilizochanganyika kwenye uso mmoja. Kiwango cha juu cha mvuto kilibadilika kila ncha ilipobadilika, na mtu asiye na subira angeishia hapo. Wao waligawanya kiwango cha kila atomu kwa kile cha silikoni kilichopimwa kwa ncha hiyo hiyo, na uwiano ukatulia: 0.77 kwa bati na 0.59 kwa risasi, ncha iwe ipi. Hivyo wakaweza kuzitambua atomu moja baada ya nyingine kwa kani peke yake. Njia ya tatu ni kuchagua mwisho wa ncha kwa makusudi. Mwaka 2009 Leo Gross na wenzake wa IBM waliokota molekuli moja ya monoksidi ya kaboni, wakaiweka mwishoni mwa ncha, na kwa ncha hiyo wakaonyesha pete tano za molekuli ya pentasini. Markus Ternes na wenzake, mwaka mmoja kabla, walikuwa wamepima kani ya kusukuma atomu ya kobalti kando: pikonyutoni 210 (elfu moja hufanya nanonyutoni moja) juu ya platini, na 17 tu juu ya shaba. Tofauti hiyo kati ya metali na metali, kwa atomu ile ile, haionekani kwenye picha yoyote.

Karibu kazi zote hizo zilifanywa ndani ya ombwe kuu, nyingi zikitumia heliamu ya kimiminika. Chombo ninachokitumia mimi hukaa hewani, na hewani mpinzani mkubwa ni maji. Kila uso una utando mwembamba wa maji, mnene zaidi wakati wa mvua za masika, na ncha ikiufikia, maji hujikunja kuizunguka na kuivuta. Kwa ncha yenye mviringo wa nanomita 10 mvuto huo unaweza kufika nanonyutoni 9. Kutafuta nanonyutoni moja ya kikemia chini yake ni kujisumbua, na sishauri mtu aandike kwenye ripoti yake kwamba amepima kani ya atomu hewani kwa sababu tu programu ya chombo imemwonyesha safu za nukta.

Joto nalo halina huruma. Kipande cha chuma cha pua chenye urefu wa sentimita moja kikipata joto la digrii moja zaidi, hurefuka takriban nanomita 160, yaani safu zaidi ya 400 za florini. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi na mchana wake hutofautiana kwa digrii nyingi kuliko hiyo moja. Mitetemo ya malori ya Waiyaki Way inadhibitika kwa urahisi zaidi: bamba la mawe huning'inizwa kwa kamba za mpira, na kamba zikivutika sentimita 25 kwa uzito wa bamba, bamba hucheza mara moja kwa sekunde, na mitetemo mingi ya magari na kuta, ambayo ina kasi kubwa zaidi ya hapo, haifiki kwenye ncha. Umeme ukikatika ni habari nyingine.

Hata hivyo hewani kuna kipimo kimoja kinachotoka vizuri. Ile mistari myembamba kwenye floraiti iliyopasuliwa ni mafungu ya ngazi, na ngazi ndogo kuliko zote ina urefu wa fungu moja la matabaka matatu, nanomita 0.315. Hupimika wazi, na kwa kuwa urefu wake unajulikana kutokana na eksirei, tunaitumia kusahihisha mwendo wa kauri ya piezo, ile inayorefuka na kufupika kwa volti, inayosogeza jiwe juu na chini. Kosa la asilimia 5 katika mwendo huo huingia moja kwa moja katika kila kani inayohesabiwa baadaye, kwa sababu kani hukusanywa kwa umbali.

Kwa anayetaka kani ya atomu bila ombwe, njia iliyo wazi ni kuzamisha ncha na uso pamoja ndani ya maji. Mvuto wa utando hutoweka, kwa kuwa hakuna tena mpaka wa maji na hewa, na ule mvuto wa jumla hupungua pia. Takeshi Fukuma na wenzake walipata atomu za maika kwa njia hiyo mwaka 2005, wakitumia mbinu ya masafa. Gharama yake ni kwamba maji huufifisha mtetemo wa kantileva haraka sana, na tena maji yenyewe hujipanga matabaka juu ya fuwele, kila tabaka likiwa na unene unaokaribia nanomita 0.3, hivyo grafu ya kani hupanda na kushuka kila ncha inaposukuma tabaka moja kando. Juu ya kalsaiti, ambayo hupasuka kwa wembe kama floraiti, matabaka hayo hayalingani juu ya kalisi na juu ya kaboneti, kwa hiyo hakuna shimo la pembeni la kukupa grafu ya kutoa, kama lile la silikoni. Kinachowezekana ni kuchukua grafu nyingi kwenye gridi nzima, kukokotoa wastani wake katika kila kimo, na kuutoa wastani huo. Kinachobaki ni tofauti ya kani kati ya mahali na mahali, na ndiyo pekee ninayokubali kuiandika kwa namba.